Punda Milia Aliyewekwa Ndani

Habari hii nilipewa na bibi yangu Nyevu, mzaa mama, mwaka wa mafuriko makubwa, 1961, Mto Sabaki ulipofura ukafunga njia, nasi tukakaa nyumbani siku nne tukibangua korosho. Mama yangu Kahonzi alikuwa pale pale jamvini, na yeye ndiye mtoto mchanga wa habari yenyewe. Kila bibi alipomgeukia, "Si kweli, Kahonzi?" mama alimjibu mamaye, "Mimi nilikuwa na siku tatu, mayo. Niulize habari za maziwa." Basi naiandika kama alivyoisema bibi, kwa kuwa mwenye kuiona alikuwa yeye, na yeye mwenyewe aliiona kwa jicho moja tu, kupitia tundu la ukutani.

Ilikuwa mwaka wa 1917, Wazungu wakipigana vita vyao. Nyevu alikuwa na miaka kama ishirini, mke wa mtegaji wa wanyama aitwaye Dzombo. Walikaa Muyeye pamoja na mama mkwe wake, Kanze. Muyeye ya siku hizo haikuwa hii ya nyumba kupandiana. Ilikuwa mashamba ya muhogo na vichaka, nyumba moja huku na nyingine kule, na mjini Malindi unakwenda ukarudi chungu cha kunde hakijaiva.

Serikali ilikuwa ikichukua wanaume kwenda kubeba mizigo ya vita upande wa Wajerumani. Askari alikuja na karatasi ya majina, na aliyetajwa aliondoka na nguo aliyovaa. Waliorudi walikuwa wachache, na hao wachache walirudi mbavu nje, wakiendesha damu, wengine wakafa wakiwa wameshauona mlango wa kwao. Hata wanyama wa mizigo walikuwa wanakwisha. Farasi na nyumbu wa jeshi walikufa kwa mbung'o, yule nzi wa porini mwenye kuuma hata juu ya nguo, anayemwachia mnyama ugonjwa wa kukonda mpaka aanguke.

Ndipo bwana mmoja wa serikali alipofikiri: punda milia anazaliwa na mbung'o, anakua na mbung'o, na hafi. Kwa nini asibebe yeye? Akamwagiza Tribhovan, Banyani mwenye duka la nafaka Malindi, amtafutie punda milia watatu, wafugwe, wazoee watu, na yeye bwana atakuja kuwaona baada ya mwezi. Tribhovan akamtafuta Dzombo. Na Dzombo akapewa cheti chenye muhuri, kwamba yeye ni mchungaji wa wanyama wa serikali, asichukuliwe kwa upagazi.

"Kiweke vizuri, bhai," Tribhovan alimwambia. "Cheti hiki kina roho tatu. Ya mwisho ikitoka, na chenyewe kimekufa."

Kanze akakishona ndani ya kitambaa, Dzombo akakivaa shingoni kama hirizi.

Wanyama walikamatwa ng'ambo ya Sabaki. Dzombo na wenzake waliwafukuza tangu alfajiri mpaka jua la utosi, kwa kelele na moto, wakawaingiza kwenye nyavu za kamba, wakawafunga miguu, wakawaacha wamelala juani huku wenyewe wakipumua. Kisha wakawakokota siku tatu. Siku waliyoingizwa zizini Muyeye, mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama, na siku hiyo hiyo Nyevu alijifungua Kahonzi.

Kwetu mzazi hatoki na mtoto hatolewi mpaka mwezi mwingine uandame. Ndiyo maana bibi alikuwa ndani siku zote za mambo haya. Zizi lilijengwa kando ya nyumba, na kwenye ukuta wa udongo, mbele ya kitanda chake, palikuwa na tundu la ukubwa wa dole gumba. Mtoto akinyonya, yeye anatazama.

Na watu walikuja! Walitoka Muyeye yote, mjini, hata Ngomeni. Safari moja, mambo mawili: kumpongeza mzazi na kutazama maajabu. Kanze alikuwa mwanamke wa maneno, mwenye sauti ya kuita mtu aliye shamba la tatu, na siku hizo alijiona kama mama wa harusi.

"Karibuni! Mkishamwona mjukuu wangu, piteni upande wa pili mwaone na wale wenzake waliovaa kaniki za mistari!"

"Shikamoo, mama Kanze. Tumesikia wanauma?"

"Marahaba. Hawaumi, wanakata kipande. Sogea uone mwenyewe."

Watoto walipanda kwenye fito za zizi. Mbwa walibweka. Tribhovan alileta shemeji zake, akaleta choroko na sukari guru kwenye sinia, kama anayepokea wageni wa heshima. Na wale punda milia hawakula choroko, wala sukari guru, wala majani. Walisimama wamebanana kwenye pembe, jasho likiwatiririka kivulini, na ngozi ya mabegani ikicheza kama maji yanayokaribia kuchemka. Nyevu aliwatazama akaona kuwa hawafumbi macho. Mchana kutwa, hata mara moja.

Siku ya tatu Kanze alisimama zizini, mikono kiunoni.

"Tetemeko hili nalijua mimi," alisema. "Hii si baridi, wala si njaa. Hawa wana pepo."

"Mayo," Dzombo alisema, "mnyama ana pepo?"

"Wewe ulipowatoa nyikani ulimwomba nani ruhusa? Mwenye nyika amewafuata. Anataka ngoma yake. Nenda kamwite Kiponda."

Msimcheke. Kwetu mtu akitetemeka, akakataa chakula, akakodoa macho, dawa yake ni kayamba. Kanze mwenyewe alipona hivyo alipokuwa kigoli. Alitaka kumponya mnyama kwa dawa iliyomponya yeye, na alikuwa na haraka, maana shingo ya mwanawe ilikuwa imening'inia pale.

Kiponda akaja asubuhi na watu wake saba, wakajipanga kuzunguka zizi, wakazitikisa kayamba zao, zile bapa za matete zenye mbegu ndani, shaka-shaka, shaka-shaka, na ngoma mbili chini yake. Nyevu alimziba mtoto masikio. Kwenye tundu aliwaona wanyama wakizunguka, wakizunguka, mapovu mdomoni. Kiponda akapaza sauti, "Taja jina lako! Unataka nini?" Na mmoja, dume, akaruka, akagonga boriti kwa kifua, akaanguka, akainuka, akaenda hatua chache kwa miguu migumu kama ya kiti, akaanguka tena. Jua halijapinduka alikuwa amekufa.

Dzombo alimpasua. Nyama ya paja ilikuwa nyeupe, kama ya kuku aliyetokoswa, na mkojo uliobaki kibofuni ulikuwa mweusi kama kahawa. Nyama ilikuwa adimu mwaka ule, lakini hakuna aliyeomba kipande.

"Pepo alikuwa mkubwa," Kiponda alisema akikusanya kayamba zake. "Mngeniita siku ya kwanza."

"Toka!" Kanze akamwambia. "Toka kabla sijakutaja jina mimi."

Roho mbili.

Kelele za ngoma zikakoma, lakini wageni hawakukoma, kwani sasa palikuwa na habari ya kuongeza. Siku ya nane askari alipita na karatasi yake, akamtoa jirani yao Mwambire katikati ya muhogo wake, jembe likabaki limesimama kwenye tuta. Aliposimama mbele ya Dzombo, Dzombo alifungua kitambaa shingoni. Askari akasoma, akalitazama zizi, akahesabu kwa kidole.

"Imeandikwa watatu."

"Mmoja amekufa, afande."

"Basi chunga," askari alisema, akatabasamu. "Mimi napita huku kila juma."

Siku ile ile Nyevu aliona yule wa pili, jike kubwa, machozi yakimtoka na kuganda chini ya macho. Kesho yake ngozi ya chini ya tumbo ilikuwa imevimba, ukiibonyeza inabaki shimo. Kisha akawa anatembea kama aliyelewa tembo la mnazi. Dzombo alipomwona alikaa chini.

"Huu ni ugonjwa wa mbung'o," alisema. "Nimeuona kwa ng'ombe mara ngapi!"

Tribhovan alikuwepo. "Haiwezekani! Bwana alisema hawa hawafi kwa mbung'o. Ndiyo maana tumewaleta!"

"Bwana hakukosea. Kule porini mbung'o wanawauma kutwa, na wananenepa. Na hapa Muyeye mimi sijaona mbung'o hata mmoja."

"Sasa ugonjwa umetoka wapi?"

Siku ya kumi na moja jike lile lilikufa, halikupiga hata teke. Akabaki mmoja, jike mdogo mwenye sikio lililochanika, amesimama mahali pale pale wenzake walipokuwa, kana kwamba bado amebanwa nao. Na Nyevu aliona kwenye tundu kwamba jicho lake la kushoto limeanza kulowa.

Roho moja, na siku kumi na nane za kungoja.

Siku hizo mume haingii chumba cha mzazi. Dzombo alikuja akakaa nje ya mlango, mgongo kwenye ukuta, na Nyevu akakaa upande wa ndani, mgongo kwenye ukuta huo huo. Ndivyo walivyozungumza.

"Nikichukuliwa," Dzombo alisema, "usikae hapa. Nenda kwa kaka zako."

"Dzombo, nikuulize. Mimi homa niliijua lini?"

"Homa gani?"

"Hii yetu ya kila mvua. Niliijua tangu utotoni. Inakuja, natetemeka siku mbili, nachota maji siku ya tatu. Si ndivyo? Sasa ule mwaka nyumba zetu zilipochomwa, tukavushwa mto kama mbuzi, na bunduki zinalia nyuma, homa ilinifanya nini?"

Mwaka ule wa 1914, serikali ilipowahamisha kwa nguvu, Nyevu alilala siku ishirini hajui usiku wala mchana, na mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa bado tumboni, hakuokoka.

"Ilikuwa homa ile ile," Nyevu aliendelea. "Sikuokota mpya njiani. Ilikuwa imelala mwilini mwangu kama mbwa mlangoni, na mwili ulikuwa unamkanya. Woga ulipoingia, mwili ukashughulika na woga, mbwa akaamka. Hawa nao walikuja na ugonjwa wao kutoka porini, umelala. Sisi ndio tuliouamsha."

"Kwa nini?"

"Kwa vile tulivyowafanya. Kamba, jua, kayamba, watoto, mbwa, shemeji za Banyani. Nimewatazama siku kumi na moja, mimi sina kazi nyingine. Jana mayo alipokwenda kisimani na watoto hawapo, huyu aliyebaki aliinamisha kichwa akala. Alikula, Dzombo! Kisha wewe ukaja na mtungi wa maji."

"Na nikamwekea taratibu."

"Taratibu ndiyo. Akaacha kutafuna na jani liko mdomoni. Mbavu zikaanza kwenda mbio, na hazikutulia mpaka kivuli kilipovuka zizi. Anakujua. Harufu yako ndiyo iliyomfunga kamba."

Dzombo alicheka, cheko la mtu aliyechoka. "Yaani mnyama aliyeshika roho yangu, mimi ndiye wa kumkimbia."

"Mkimbie. Usimsogelee, hata upepo utokao kwako usimfikie."

"Na nani atamlisha?"

Kanze alikuwa amesimama jikoni, anasikia yote. Nyevu akageuza uso kuelekea huko.

"Mayo, mtoto mchanga huwekwaje?"

"Swali gani hilo? Hujui, na umemshika?"

"Nataka uniambie wewe."

"Huwekwa gizani. Mgeni hamjii moja kwa moja na joto la njia. Hapigiwi kelele asishtuke akapatwa na nyuni, akakakamaa. Uso anaouona ni ule ule, mkono ni ule ule."

"Basi yule aliye nje naye ana siku kumi na mbili tangu aingie dunia hii yetu. Mweke ndani, mayo. Uso wake uwe wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Na usiseme kitu."

Kanze akasukuma kuni jikoni.

"Nisiseme kitu," Kanze alirudia. "Mimi Kanze. Mimi ambaye hata nikilala nasema. Unataka nife kabla ya yule punda?" Kisha sauti ikamshuka. "Na kimya chako kikimwua, nitakuuliza wewe. Nina mwana mmoja tu."

"Utaniuliza mimi."

Mchana ule ule Dzombo alisuka makuti, akayaweka mbali, naye Kanze akayasimamisha moja moja kuzunguka zizi mpaka mnyama asione kitu ila mbingu. Juu ya pembe moja akaezeka kivuli. Kisha Dzombo akaondoka kwenda kulala kwa rafiki yake, upande upepo unakokwenda, na Kanze akafunga njia ya kuja nyumbani kwa tawi la mwiba.

Tangu siku hiyo Kanze alikwenda zizini mara mbili, jua likichomoza na jua likianza kushuka, amevaa hando lile lile, ile sketi ya marinda ya wanawake wa kwetu, lenye moshi ule ule wa jikoni kwake. Anaingia, anamwaga pakacha la majani mabichi mahali pale pale, anajaza maji, anakaa chini, anatazama pembeni. Hamtazami usoni. Anatoka. Akirudi ndani ananawa mikono na uso, na hapo maneno ya siku nzima yanamtoka mlangoni kwa Nyevu kwa kunong'ona, yamekanyagana, "leo-amekula-robo-jicho-bado-nimeona-mavi-yake-yamekauka-na-yule-mke-wa-Mwambire-amepita-nikashindwa-hata-kumpa-pole," mpaka pumzi imwishie.

Wageni walikasirika. Watu wakasema nyumba ya Kanze ina kiburi, wamepata cheti cha serikali sasa hawasalimiani. Tribhovan alikuja na mjomba wake aliyetoka Mombasa, wote wamevaa vizuri. Kanze akasimama kwenye tawi la mwiba, akatikisa kichwa.

"Mama, ni mimi. Tunachungulia tu, mara moja."

Kanze akatikisa kichwa.

"Arre! Hasemi? Kanze hasemi?" Tribhovan akamgeukia mjomba wake. "Mjomba, punda milia utamwona siku nyingine. Hili ndilo la kutazama."

Akacheka peke yake. Kanze akamshika mkono, akambonyeza kidole kifuani, mahali ambapo Dzombo huvaa cheti, kisha akaonyesha kidole kimoja. Tribhovan akaacha kucheka. Kesho yake alileta mzigo wa majani mabichi kutoka bondeni, akautua mbali, akaondoka kwa ncha za viatu.

Lakini jicho la yule jike halikukauka. Siku ya kumi na tano na la pili likalowa. Siku ya kumi na saba Kanze alikuja mlangoni akakaa, hakunong'ona kitu.

"Nini, mayo?"

Kanze akaweka kiganja chini ya tumbo lake mwenyewe.

"Amevimba?"

"Kidogo," Kanze alisema. "Kama embe."

Nyevu alikuwa amemtia Kahonzi titi mdomoni, kwa kuwa hofu yake mpya ilikuwa mtoto. Makuti yanazuia macho, hayazuii sauti. Mtoto akilia, je? Basi kila akikunjua mdomo tu alimtia titi, alimbeba, alimpuliza, alimtembeza kutoka ukuta hadi ukuta. Alilala kwa vipande, ameketi, sikio liko nje. Akisinzia aliota jembe la Mwambire limesimama kwenye tuta, akaamka. Siku sita zilikwenda hivyo. Askari alipita, akachungulia kwenye makuti, akahesabu. Moja. Hakutabasamu safari hii. Alimwuliza Kanze jina kamili la mwanawe, na Kanze, ambaye hakuruhusiwa kusema, kwa mara ya kwanza alifurahi kuwa bubu.

Siku ya ishirini na tatu Kanze alikuja mbio kidogo, akasahau kunawa, akakumbuka, akarudi, akanawa.

"Embe limepungua," alinong'ona. "Nyevu, limepungua. Na leo nilipokaa alikula nami nikiwepo. Amenipa mgongo, akala. Masikio yake moja huku moja kule, kama ng'ombe tu."

"Usifurahi bado, mayo."

"Sifurahi. Nani amefurahi?"

Akaenda kunawa tena.

Bwana alikuja siku ya ishirini na saba, siku mbili kabla ya siku yake, asubuhi jua likiwa juu ya mihogo. Nyevu alisikia kwanza kwato za nyumbu, kisha sauti za askari wawili, kisha, Mungu wangu, mbwa. Tribhovan alikuwa anakimbia nyuma yao, akisema, "Bwana, polepole, bwana, polepole." Nyevu akaweka jicho kwenye tundu. Tangu makuti yasimamishwe aliona pengo moja tu, na katika pengo hilo yule jike aliinua kichwa. Sikio lililochanika likasimama. Ngozi ya begani ikaanza kucheza.

Kanze alikuwa amekwisha fika njiani. Alilikanyaga tawi la mwiba bila kuhisi, akamshika mbwa shingoni, akamfungia kwenye mti kwa kilemba chake, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume. Kisha akamwendea bwana aliyekuwa bado juu ya nyumbu, akaweka kidole mdomoni.

"We mwanamke!" askari mmoja akasema. "Unajua huyu ni nani?"

Kanze akamgeukia na yeye, kidole kile kile mdomoni.

Bwana alishuka. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye rangi ya manjano ya homa. Kanze akamshika pindo la mkono wa koti, akamwongoza mpaka kwenye makuti, akafunua ukuti mmoja kwa vidole viwili. Bwana akainama.

Wakati ule ule Kahonzi akaachia titi, akavuta pumzi, akalia.

Bibi aliposimulia hapa, miaka arobaini na minne baadaye, mikono yake iliacha kubangua. Alisema hakumziba mtoto mdomo. Alitaka, lakini mkono ulikataa. Alitazama tu. Yule jike alikaza shingo. Alisikiliza kilio kile, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akapiga pua, akainamisha kichwa kwenye majani, akaendelea kutafuna. Kumbe vile vilio vidogo vya siku zote vilivyokuwa vikimponyoka Nyevu, mnyama alikuwa akivisikia. Kwake mtoto alikuwa kelele ya nyumbani.

Bwana alitazama muda mrefu. Alipoinuka alirudi mpaka kwenye njia kabla hajasema, na aliposema alisema chini.

"Wengine wawili?"

Dzombo alikuwa ameitwa, amesimama mbali kule upepo unakokwenda. Alisema yote, hata kayamba.

"Huyu ni mzima," bwana alisema. "Nitamchukua leo. Meli inapita Malindi kesho."

Tribhovan akatazama chini. Dzombo akagusa kitambaa shingoni.

Hapo Kanze akasema. Alikuwa hajasema kwa sauti siku kumi na tano nje ya nyumba ile, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, imekwaruza, Dzombo mwenyewe hakuijua.

"Mchukue, bwana. Mfunge kamba, mpeleke. Wenzake wawili tumewafukia pale, wamelala karibu karibu. Huyu utamfukia mwenyewe baharini. Ugonjwa hajauacha, amelala nao. Mwamshe mmoja, mmeamsha wote wawili. Lakini kama unamtaka akiwa hai, basi nichukue na mimi, na hando langu hili, na uzio wangu, na yule mtoto anayelia. Hao ndio wanaomshika."

Bwana aliwatazama wale askari, na mbwa aliyefungwa kwa kilemba, na yale matuta mawili. Bibi alisema anadhani bwana yule naye alikuwa na wakubwa wake, wa kuandikiwa kwamba katika watatu kuna mmoja anayepumua.

"Mpaka mvua za mwaka zikatike," alisema. "Si zaidi."

Akanyoosha mkono. Dzombo akafungua kitambaa kwa meno, akakabidhi cheti, na bwana akaandika muda huo mpya nyuma yake juu ya tandiko la nyumbu, akatia saini. Wakaondoka kwa miguu mpaka penye mwembe wa njia panda, ndipo akapanda nyumbu. Tribhovan aliwafuata, akirudi nyuma nyuma, mikono ameikunja kifuani kuelekea kwa Kanze kama wafanyavyo mbele ya miungu yao.

Dzombo alikuja mlangoni, akakaa mgongo kwenye ukuta.

"Mpaka mvua," alisema.

"Nimesikia," Nyevu alisema upande wa ndani.

"Na mvua zikikatika?"

Kichwa cha Dzombo kiliangukia begani, cheti kiko mkononi, na mchana ule kweupe akalala kama mtu aliyepigwa rungu. Kahonzi naye alikuwa amelala zamani, maziwa yamemkauka kidevuni.

Kupitia tundu Nyevu alimwona Kanze amekaa nje ya makuti, miguu ameinyoosha, nyayo zina damu ya miiba, anatazama pembeni kama kawaida yake. Baadaye kichwa kikamwinama. Midomo yake ikaanza kwenda, haraka haraka, kama mtu anayesalimia kijiji kizima, lakini hapakutoka sauti hata moja. Ndani ya zizi yule jike alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, wa nne ameupumzisha, na macho yake, yale ambayo Nyevu hakuwahi kuyaona yakifumba, yalifumba, yakafumbua, yakafumba.

Nyevu akahesabu: siku mbili mwezi uandame, kisha miezi mpaka mvua. Akataka kuhesabu tena. Akaegemeza paji la uso kwenye ukuta, jicho bado liko tunduni, na usingizi ukamchukua hapo hapo, mtoto kifuani.